Kahawa ya Guji inanukia fenesi lililoiva, imeharibika au ndo ladha yake?

Mpenda_Kikombe (Tabata)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi kahawa za speshalti maana nimekwama. Kaka yangu anafanya kazi Addis Ababa, mwezi uliopita kaja likizo akaniletea pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya Guji, kusini mwa Ethiopia. Kwenye pakiti wameandika imetoka sehemu moja tu, Hambela, mita 2,100 toka usawa wa bahari, na kwamba ni nachurali, yaani tunda limekaushwa zimazima na ganda lake bila kumenywa wala kuoshwa. Imekaangwa kidogo tu, punje bado zina rangi ya udongo mwekundu, hazing'ai mafuta. Mimi nimezoea kahawa ya Kilimanjaro na Mbinga iliyokaangwa ikaiva haswa, na kabla ya hapo nimekulia kahawa chungu ya kijiweni na kashata, sasa nilipofungua ile pakiti nilishtuka, haikunukia kahawa niijuayo, ilinukia fenesi lililoiva, lile ambalo ukiingia tu mlangoni unajua lipo kabla hujaliona.

Nikaipika kwa V60 ya plastiki, kile kikombe cha kuchujia kinachowekwa filta ya karatasi. Nilisaga kwenye blenda ya viungo mpaka ikawa laini, vijiko vinne vya chakula, maji yanachemka nikamimina hapohapo. Maji yakagoma kushuka, imechukua kama dakika 6 mpaka kikombe kimoja kijae. Kuionja sasa: mwanzo tunda tupu, katikati ugwadu kama wa ukwaju, mwishoni ulimi ukakauka, ukakasi ule wa bibo ambalo halijaiva vizuri. Mke wangu kaonja akasema hii imechacha mwage tu. Ila kaka anasema kule Addis aliinywa hiyohiyo ikawa tamu, ina zambarau ndani yake, na anaapa kwamba nao kule maji yakichemka wanamimina hivyohivyo.

Nimebakiwa na zaidi ya nusu na sitaki kuimaliza kwa kubahatisha, hii kitu imebebwa toka mbali na mtu ninayempenda. Hii harufu ni ya kawaida au kweli imechacha? Na mnaipikaje? Sina vifaa vingi, V60, birika la kawaida na presi ya kioo basi.

MamaKinu (Arusha)

Kaka usiimwage, nakuomba. Kwa maelezo yako sioni dalili ya kuharibika, naona shida iko kwenye kupika. Nipo nyuma ya mashine ya kahawa mwaka wa tisa huu na nachurali za Ethiopia ndo kahawa ninazozipenda kuliko zote kwahiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Nianze na la kaka yako. Yeye mkweli na wewe mkweli ila maji yenu sio mamoja. Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, huko maji yanachemka yakifika nyuzi 92 hivi na hayapandi tena hata uchochee moto namna gani. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400, yanachemka kwenye 95. Wewe uko Tabata karibu na usawa wa bahari, yako yanafika 100. Kwahiyo wote mnamimina maji "yanayochemka" lakini mwenzako anamimina 92 na wewe 100, tena wewe juu ya unga laini kama pilipili manga, na yamekaa humo dakika 6. Hapo lazima ukakasi utoke, hata kahawa ya washindi ungeitesa hivyo ingekukaba koo.

Sasa fanya hivi. Maji yakichemka zima, funua kifuniko cha birika uyaache dakika 2 mpaka 3 ndo umimine, kama una kipimajoto lenga 90 hadi 92. Kuhusu blenda, najua kinu kizuri cha mkono ni hela, ila kwa sasa saga kwa kugusagusa, sekunde 2 unaachia, unatikisa, unagusa tena, mpaka uone chengachenga zenye ukubwa wa sukari ya kahawia. Halafu hii ni muhimu kuliko zote: pitisha kwenye chujio la chai utikise, ule unga mlaini utakaodondoka chini uuweke pembeni. Punje za Ethiopia ni ndogo na ngumu, zinatoa vumbi jingi zikisagwa, na hilo vumbi ndo limeziba filta yako maji yakagoma kushuka. Vumbi linatoa uchungu na ukakasi mapema sana wakati chenga kubwa hazijatoa hata utamu wake.

Vipimo. Achana na vijiko, tafuta mizani hata ile ya jikoni ya kupimia ngano. Gramu 15 za kahawa kwa maji mililita 240. Lowesha filta kwanza kwa maji moto umwage hayo maji, weka kahawa, mimina mililita 45 uache sekunde 40 ivimbe na kutoa gesi, halafu mimina taratibu kwa kuzungusha mpaka 140, ikishuka karibu nusu malizia mpaka 240. Jumla iwe dakika 3 na kidogo. Ikienda 4 ongeza ukubwa wa chenga, ikiwa dakika 2 tu basi saga zaidi.

Maji nayo usiyadharau. Kama ni ya kisima yenye chumvi, kama tunavyojua sehemu nyingi za Dar, hata ufanye nini tunda halitasikika, madini yanalifunika. Nunua ya chupa, angalia lebo, jumla ya madini ikiwa kati ya miligramu 70 na 150 kwa lita upo pazuri.

Na usiionje ikiwa ya moto sana. Iache ipoe mpaka kikombe kishikike bila shida. Hapo ndo utajua pia kama imeharibika au la: nachurali nzuri ikipoa inazidi kuwa tamu, mbovu ikipoa inajitangaza, siki inapanda puani, au unasikia kitunguu, au harufu ya gunia lililolowa. Fenesi sio ubovu kabisa. Mimi Guji nimeshapata ndani yake fenesi, zambarau, mapera, moja mwaka jana ilikuwa embe dodo lililolala siku mbili, na sitaisahau.

chapakazi_01

Mimi naona wameweka arki tu hapo wadau. Kahawa haiwezi kunukia fenesi yenyewe, hata juisi za pakti si tunajua wanavyofanya.

MamaKinu (Arusha)

@chapakazi_01 hapana ndugu yangu. Zipo kahawa zinazotiwa ladha na huwa wanaandika, ila hii haihitaji arki. Fikiria tunda la kahawa lenyewe, likiiva ni tamu, ukilibonyeza mdomoni kuna utelezi wenye sukari umezunguka mbegu. Kahawa ya kuoshwa ambayo ndo tunafanya sana huku kaskazini na Mbeya na Mbinga, tunda linamenywa siku ileile ya kuchumwa, mbegu inalala kwenye tangi saa 12, wengine mpaka 36, utelezi uachie, inaoshwa, inaanikwa ikiwa mbegu tupu na ngozi yake. Nachurali tunda linaanikwa zima, linakaa juani wiki 3, 4. Muda wote huo hamira za asili na bakteria wanaula ule utelezi taratibu, na kazi yao inaacha harufu za jamii ileile inayotoka kwenye ndizi na fenesi vikiiva sana. Na mbegu yenyewe ndani bado hai kwa siku kadhaa, inabadilika kadiri inavyokauka. Sio kwamba sukari ya tunda inamiminika ndani ya mbegu kama chai inavyoingia kwenye mkate, hiyo nimeisikia sana na sio hivyo. Ni kuchacha, ila kuchacha kunakosimamiwa, kama vile togwa nzuri na togwa iliyoharibika zote zimechachuka lakini hakuna anayezichanganya akionja.

SL28_Nyeri

Poleni kwa kuingilia, mimi ni mkulima wa huku Nyeri na hapa nakataa kidogo. Kwetu kahawa ya kukaushwa na ganda tunaiita mbuni, na kila mtu anajua mbuni ni nini: ni ile imebaki. Cheri nyekundu zikiisha kupelekwa kiwandani, zile zimekauka mtini, zile za kijani, zile zimeanguka chini, ndizo unaanika nyumbani na unauza mbuni kwa bei ya huruma. Nimekua nikiona mama akizianika kwa gunia kando ya nyumba ya kuku. Sasa venye mnaongea juu ya nachurali ni kama ni kitu ya kifalme, na mimi nikionja nyingi naona zote ni kitu moja, tunda, tunda, tunda. Ethiopia, Brazil, sijui wapi, ukifunga macho ni divai. Mahali kahawa imetoka panapotea.

Kahawa ya kuoshwa vizuri ukiinywa unajua hii ni ya huku, ile ukali yake safi ya zabibu kavu na nyanya tamu, unajua ni SL28, aina ya mbuni tunayopanda sisi Kenya, unaweza kukaribia kusema hata ni kilima gani. Kama lengo ni kuuza "ya sehemu moja" basi wacha sehemu isikike. Hiyo ndiyo heshima kwa mkulima. Na kuna hatari pia, ukianika nzima mvua ikikupata siku mbili umepoteza mavuno ya mwaka. Na Ethiopia wako na mbegu zao za msituni maelfu, wewe ukipanda yako na uanike nzima haitanukia hivyo.

Mwana_Karagwe

Waitu, nimesoma uzi huu toka juu mpaka chini na nimeshindwa kukaa kimya kwasababu hapa mnazungumzia maisha yetu.

Kagera karibu kahawa yote unayoiona barazani kwa watu ni ya maganda. Sio mabaki kama mbuni ya Nyeri, hiyo ndo kahawa yenyewe, ndivyo tunavyoiandaa toka enzi. Robusta ndo nyingi, arabika ipo ila kidogo, hasa huku kwetu Karagwe. Kabla ya Mjerumani hajaleta amri zake Wahaya walikuwa na robusta yao, inachemshwa na majani ya dawa, inakaushwa, inatafunwa, akamwani. Mgeni akifika anapewa punje atafune, na watu wakichanjana undugu wa damu kahawa ilikuwepo hapo katikati. Mzee wangu mpaka leo anatembea nayo mfukoni.

Kwahiyo kwa njia ya kuandaa, sisi na Guji ni kitu kimoja. Lakini kahawa ya Guji inapakiwa na jina la kijiji chake na urefu wa mlima, na ya kwetu inaingia kwenye gunia moja na ya kila mtu, inapelekwa huko ikachanganywe au igeuzwe kuwa ya unga wa kuyeyusha. Hilo linaniuma, na nimejaribu kuelewa kwanini.

Tofauti ninayoiona mimi iko mikononi. Kwanza kuchuma. Mtu mwenye shida ya ada ya shule ameshauza kahawa ikiwa bado maua, butura, serikali inakataza lakini njaa haisomi tangazo. Mwenye pesa akija kuvuna hana sababu ya kusubiri, anakamua tawi zima, nyekundu, njano, kijani, zote ndani ya debe. Hata asiyeuza butura anavuna mapema anaogopa wezi. Tunda la kijani likikaushwa na ganda lake halina sukari ya kuchachua chochote, linatoa ule ukakasi wa majani. Pili kuanika. Chini kwenye udongo, mbuzi wanapita, usiku umande unaliloweka, ladha ya vumbi inaingia na haitoki tena. Watu wakionja wanasema "nachurali ya Kagera ni kali ina udongo". Sio Kagera, ni chini.

Msimu wa juzi nilimwomba mzee anipe miti ya arabika kama 60 tu nijaribu. Nikatengeneza vichanja vya mbao na waya, urefu wa kiuno. Tukachuma nyekundu tupu, tunarudi mti uleule mara tatu mara nne, majirani wanatushangaa. Tukamwaga kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tukatoa. Kundi la kwanza niliharibu kwa kukosa uzoefu, nilizimwaga nene kama kiganja, mvua ikanyesha siku mbili, nikafunika turubai bila upepo kupita. Siku ya tano nilifunua nikakutana na harufu ya siki na godoro bichi. @SL28_Nyeri hapo umesema kweli tupu, hatari ni kubwa, nilikaa kwenye kichanja pale nikaona kazi ya mama yangu ya wiki mbili imeoza.

Kundi la pili nilitandaza tunda moja moja, zisipandane kabisa siku za kwanza, baadae zikishasinyaa nikaruhusu unene wa vidole viwili. Kugeuza kila saa jua likiwepo. Saa sita mpaka saa nane mchana nafunika kwa neti jua lisipasue maganda, usiku nafunika zisipate umande. Siku 24. Mwishoni ukichukua tunda ukatikisa sikioni linalia kama kayamba. Ghalani wakanipimia unyevu ikasoma asilimia 11. Kundi hilo lilikoboka vizuri, nikakaanga kidogo kwenye sufuria ya chuma, nikampa mzee bila kumwambia. Akanywa akanyamaza halafu akauliza hii nimechanganya na rubisi, pombe yetu ya ndizi? Maana alisikia ndizi mbivu ndani yake. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, sikuwa na la kusema.

Halafu nilipoipeleka kuuza, mnunuzi mmoja aliipima, akaimwaga juu ya lundo la wengine wote mbele ya macho yangu, bei ileile. Hapo ndo penye jibu la kwanini mkulima hachumi nyekundu tupu.

SL28_Nyeri

@Mwana_Karagwe umenigusa. Hiyo ya kumwagwa kwenye lundo naielewa, na huku pia iko kwa njia yake. Nakubali basi kwamba mbuni ya kwetu si kipimo cha haki, sisi tunaanika kile tumeshindwa kuuza na kisha tunalaumu njia. Lakini ya mbegu bado nashikilia, Ethiopia ni Ethiopia.

MamaKinu (Arusha)

Mbegu za kule kweli ni nyingi na za kipekee, sibishi, kahawa ya arabika asili yake ni misitu ile. Ila mbegu husafiri jamani. Hii mbegu ya kahawa inayoitwa Gesha, inayouzwa bei za kutisha duniani, ilichukuliwa Ethiopia miaka ya 1930, ikapitia Kenya, ikapandwa hapa kwetu kituo cha utafiti cha Lyamungu, na ni toka Lyamungu ilipelekwa Costa Rica mwaka 1953, baadae Panama. Mwaka 2004 shamba moja la Panama, Hacienda La Esmeralda, likaiweka peke yake bila kuchanganya na miti mingine na majaji wakachanganyikiwa kwa harufu ya maua. Imepita Lyamungu hapo, mwendo wa saa mbili toka ninapoandikia. Sio kwamba hatukuwahi kuwa na mbegu, hatukuwahi kuitenga na kuionja peke yake. Ndo maana hii ya @Mwana_Karagwe ya miti 60 naiona kubwa.

Kuhusu zote kuwa na ladha moja, hapo nakubaliana nusu. Zikichachushwa kupita kiasi ndio, zote zinakuwa divai. Ila weka Guji, Harari na Sidama mezani, zote za Ethiopia, zote nachurali, zilizokaangwa kidogo, gramu 11 kwenye kikombe cha mililita 200, mwaga maji, subiri dakika 4, koroga juu utoe povu, zikipoa onja kwa kijiko moja baada ya nyingine. Harari ina viungo na kakao na matunda meusi, Guji ina maua na matunda ya majimaji. Ni tofauti kama usiku na mchana.

Bint_Matrah

Assalamu alaykum, mie niko Maskati, bibi yangu wa Unguja. Harari nachurali hapa ipo sokoni, mimi napenda kuinunua mbichi nikaikaanga mwenyewe ikawa rangi ya dhahabu, naitia iliki, inanyweka na tende. Nataka kusema tu kuwa huu ukaushaji na ganda si mtindo mpya, Yemen mpaka leo wanaanika juu ya mapaa ya nyumba, na ganda lenyewe halitupwi, linapikwa na tangawizi likawa kinywaji chake, jirani yangu Myemeni huniletea birika zima jioni. Kaka wa Tabata, na jirani yangu mwengine wa Kihabeshi husema kahawa hainywewi mara moja, ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu baraka, unga uleule. Ya kwanza ikikushinda usihukumu, subiri ya tatu.

Mpenda_Kikombe (Tabata)

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, sikutaka kuandika kabla ya kupima.

Jana asubuhi nimefuata maelekezo ya @MamaKinu neno kwa neno. Nimeazima mizani kwa jirani anayeoka keki. Nimesaga kwa kugusagusa, nikapitisha chujio la chai, na unga uliodondoka ulikuwa mwingi mpaka nikashangaa, kati ya gramu 20 zimetoka karibu 4. Maji ya chupa, nikafunua birika dakika 3. Imeshuka yote kwa dakika 3 na sekunde 10. Na ule ukakasi haupo. Yaani haupo. Fenesi lipo bado lakini limekuwa jepesi, limesogea nyuma, na mbele kuna kitu nilichokitafuta asubuhi nzima jina lake mpaka kikombe kilipopoa nikajua, ni zambarau, zile ambazo zinaacha ulimi na rangi. Kaka alisema zambarau! Nimempigia simu Addis saa hiyohiyo, nikamwambia na habari ya maji ya nyuzi 92, alikuwa haijui naye.

Mke wangu kaonja tena. Amesema bado anapenda ya Kilimanjaro zaidi, hii kwake ni kama kinywaji kingine kabisa, ila hajasema imwagwe, na kikombe alimaliza.

Leo nimejaribu presi ya kioo, uzani uleule, dakika 4. Ni nzito, tamu, ila tunda linakuwa kama limepikwa, jamu zaidi kuliko tunda bichi. Kwangu V60 imeshinda. Swali la mwisho, nikitaka utamu uzidi huo ugwadu kidogo nifanyeje?

MamaKinu (Arusha)

Nimefurahi mpaka basi. Huo unga wa gramu 4 usitupe, tia kwenye maziwa ya chai ya watoto wakubwa au keki ya jirani.

Utamu: kuna njia ya Mjapani Tetsu Kasuya, alishinda ubingwa wa dunia wa kupika kahawa mwaka 2016. Gramu 20 kwa maji mililita 300, unamimina mara tano, 60 kila mara, na unasubiri ishuke karibu yote ndo unamimina tena. Miminio mbili za kwanza ndo zinaamua ugwadu na utamu. Ukitaka utamu, ya kwanza punguza iwe 50 na ya pili iwe 70. Ukitaka ugwadu geuza. Tatu za mwisho zinaamua uzito tu. Chenga ziwe kubwa zaidi kuliko jana, kubwa kabisa. Kwa nachurali mimi hutumia maji ya nyuzi 88 au 90 kwenye njia hii. Na jioni ya joto la Dar mimina juu ya barafu, toa gramu 100 za maji weka gramu 100 za barafu kwenye jagi la chini, utanishukuru.

Mpenda_Kikombe (Tabata)

50 halafu 70, nimejaribu sasa hivi, ndio yenyewe. Asante sana dada, na asante wote.

@Mwana_Karagwe nina jambo. Toka niliposoma ile habari ya kumwagwa kwenye lundo sijaacha kuiwaza. Kuna iliyobaki ya lile kundi la siku 24? Naomba kilo 1 safi, iliyokobolewa, mbichi, kwa bei utakayopanga wewe sio ya mnunuzi, nitakaanga mwenyewe nijifunze.

Mwana_Karagwe

Zimebaki kilo 3, nilizificha kwa ajili ya mzee. Ameniambia nikupe moja. Nyingine moja nampelekea @MamaKinu aionje kwa vijiko vyake aniambie ukweli bila kunihurumia. Basi la Dar linaondoka Kayanga alfajiri, nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya gunia isinyonye harufu za njiani. Msimu unaanza mwezi wa tano, safari hii mzee amekubali miti 200 na vichanja vinne vipya, tumeshakata mbao.

SL28_Nyeri

Ikifika hiyo ya mwezi wa tano niwekeeni nusu kilo. Nitatuma SL28 yangu ya kuoshwa, tuzionje pamoja zote mbili.